Niwapeleke watoto Coco siku ya Idd? Tazama mwezi, kisha tazama saa

*Swali:* Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka sita na kumi na mmoja, tunakaa Mwananyamala, Dar es Salaam. Idd ndogo iliyopita tulikwenda Coco Beach. Tulifika saa tatu asubuhi, watoto wakaoga mpaka adhuhuri. Saa kumi tukala mihogo na mishkaki, tukarudi nyumbani. Saa mbili usiku mdogo akaanza kutapika, saa tatu mkubwa naye. Siku ya tatu mkubwa akalalamika sikio. Mvua ilikuwa imenyesha sana siku mbili kabla ya Idd. Mjomba wao anasema maji ya chumvi yanaua vijidudu vyote, kwa hiyo bahari haihusiki. Jirani yangu anasema pale Coco ni maji ya vyoo matupu. Na mimi mwenyewe sijui kuogelea. Idd inakuja tena, watoto hawanipi nafasi. Niwapeleke au nisiwapeleke?

*Jibu:* Marahaba, mama. Wapeleke, ila kwa masharti mawili. Kwanza ziwe zimepita siku tatu kavu, jiji halijapata mvua kubwa. Pili wasiingie majini asubuhi. Idd ndogo, pale Coco, maji ya kuogea watoto ni ya kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja hivi. Nitakueleza masharti haya yanatoka wapi, maana ukishayajua hutakuwa na haja ya kuniuliza tena ikija Idd kubwa, ambayo bahari yake ni nyingine kabisa.

Nianze na mjomba. Ana nusu ya ukweli. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa kila lita, na vijidudu vilivyozoea utumbo wa mtu haviyafurahii. Lakini chumvi inaua taratibu mno. Kinachoua upesi ni jua. Maji yakiwa maangavu, jua letu la mchana linapunguza sana bakteria wa kinyesi kwa saa chache tu. Sasa yakumbuke maji ya Coco baada ya mvua: rangi ya chai ya maziwa. Ukisimama yakakufika magotini huoni vidole vya miguu. Kama wewe huoni vidole vyako, na jua halifiki huko chini, na bakteria wamejibanza kwenye chembe za tope wakiwa kivulini. Virusi ndivyo vigumu zaidi. Vya kuhara na vya homa ya ini aina ya A vinaweza kukaa kwenye maji ya bahari siku kadhaa. Mwambie mjomba kwamba hata kachumbari hutiwa chumvi, na bado watu wanaharishwa nayo.

Jirani naye ametia chumvi, lakini hakuzusha. Kusini ya Coco, pale Daraja la Salenda, ndipo mto Msimbazi unapoingia baharini. Mto ule unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, na njiani unapokea mito midogo ukiwamo mto Ng'ombe, ambao wewe wa Mwananyamala sina haja ya kukutambulisha. Sehemu ndogo tu ya jiji imeunganishwa na bomba la majitaka. Wengi tunatumia vyoo vya shimo na makaro. Shimo likijaa, mwenye uwezo anaita gari la kunyonya. Asiye na uwezo unajua anafanya nini: anasubiri mvua kubwa ya usiku, anatoboa ukuta wa shimo na kutapisha choo, mvua inabeba. Asubuhi mtaa umesafishika, ila mzigo haukupotea. Umekwenda mtoni, na mto unakwenda Salenda.

Ongezea upepo. Masika yanapoanza ndipo kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inapokufa na kusi, upepo wa kutoka kusini, kuanza kuvuma, na mkondo mkubwa wa pwani yetu unakwenda upande wa kaskazini mwaka mzima, kusi ikija ndiyo unaongeza nguvu. Kwa hiyo msimu uleule ambao mto umejaa uchafu kuliko wakati wowote, bahari inauelekeza mto huo Oysterbay, iliko Coco. Miaka ya karibuni Idd ndogo imeangukia Machi na Aprili, palepale. Mtu angetaka kupanga makusudi asingeweza.

Hata hivyo, kusema "Coco ni maji ya vyoo" ni sawa na kusema "barabara ya Morogoro ina foleni". Ina foleni saa ngapi? Nimechukua sampuli za maji ya ufukweni kwa miaka, na jambo la kwanza kazi hiyo iliyonifundisha ni kwamba hakuna namba moja ya ufuko. Kazi yenyewe ni hivi: unaingia mpaka kiunoni, umeshika chupa iliyochemshwa ikafungwa maabara. Unasubiri tope ulilolitibua kwa miguu lipite. Unaizamisha chupa kifudifudi mpaka kina cha kiwiko, unaigeuza mdomo ukielekea kule maji yanakotoka, inajaa, unafunga. Inaingia kwenye boksi la barafu na inatakiwa iwe maabara kabla ya muda wa saa sita kupita tangu ijazwe. Huko mililita 100 zinachujwa kwenye karatasi yenye matundu madogo kuliko bakteria, karatasi inalazwa juu ya chakula cha kuoteshea, inatiwa kwenye joto kama la mwili. Baada ya karibu siku mbili unafungua na kukuta vinukta vyekundu, vingine rangi ya damu ya mzee. Hao ni enterokokasi, bakteria wa utumbo. Tunawahesabu hao kwa sababu kwenye maji ya chumvi wanavumilia kuliko ndugu zao, na penye wao ujue kinyesi kimepita.

Sasa angalia: chupa niliyoijaza Jumamosi asubuhi inanipa jibu Jumatatu. Na chupa ya saa nne asubuhi na ile ya saa kumi jioni, mahali palepale, siku ileile, zinaweza kutofautiana kama maji ya kisima na maji ya mtaro. Mtu akikuambia "walipima, maji ni salama", muulize walipima lini, saa ngapi, maji yakijaa au yakipwa. Asipojua, hajakuambia kitu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linapanga fukwe kwa madaraja. Ukichukua sampuli nyingi, 95 kati ya kila 100 zisizidi enterokokasi 40 kwa mililita 100, hapo ni daraja la juu. Zikivuka 500 ni daraja la mwisho, na hapo waogaji zaidi ya 10 kati ya 100 wanaweza kuugua tumbo kwa kuoga mara moja tu. Watoto wako hawahesabiki kama waogaji wa kawaida. Kuna kipimo kilifanyika Marekani kwenye bwawa la kuogelea: katika dakika 45 hivi mtu mzima alimeza wastani wa mililita 16, mtoto 37. Yaani wewe kijiko kimoja cha chakula, mwanao viwili na nusu. Na hilo ni bwawa tulivu. Wimbi la Coco linapompiga mtoto wa miaka sita usoni huku anacheka, mdomo uko wazi.

Ila kuna mahali lazima niitetee bahari kidogo. Umesema mlikula saa kumi, na mdogo akatapika saa mbili usiku. Hiyo ni saa nne tu. Watoto wawili, chakula kimoja, kutapika kwa ghafla baada ya saa nne: hapo namtazama kwanza muuza mihogo, siitazami bahari. Sumu inayoachwa na bakteria kwenye chakula kilichoshikwa kwa mikono michafu kikakaa juani hufanya kazi ndani ya saa moja hadi nane. Virusi vya kuhara vya majini kwa kawaida vinahitaji saa kumi na mbili hadi siku mbili. Mihogo ya Coco naipenda kama mtu mwingine yeyote, lakini naila ikitoka kwenye mafuta, mbele ya macho yangu. Mishkaki iliyochomwa mapema ikapangwa pembeni ya jiko kungojea wateja wa jioni siigusi. Kachumbari naiangalia: ndoo ile ya maji iliyo chini ya meza inaosha nyanya, vikombe na mikono yote kwa pamoja. Ukiona hivyo, kula muhogo na pilipili ya unga, inatosha.

Sikio ndilo la bahari. Siku ya tatu, mtoto aliyezamisha kichwa asubuhi nzima, ukigusa sikio kwa nje anaruka: huo ni ugonjwa wa waogeleaji, ngozi ya ndani ya tundu imelowa ikalainika na bakteria wameingia. Mkishatoka majini mwinamishe kichwa kila upande maji yatoke, mkaushe kwa ncha ya taulo. Usimtie pamba za kijiti, usimtie mafuta ya nazi. Likiuma mpeleke akapate dawa ya matone, ila daktari alitazame kwanza, maana ngoma ya sikio ikiwa imetoboka si kila tone linafaa.

Sasa mwezi, ambao ndio kiini cha jibu langu.

Idd ndogo ni mwezi mosi Shawwal. Mwezi umeandama jana yake. Na mwezi ukiandama, bahari iko kwenye bamvua, yaani siku ambazo maji yanajaa sana na kupwa sana. Kwa hiyo Idd ndogo, mwaka wowote, msimu wowote, itakukuta kwenye bamvua. Hapa Dar es Salaam bamvua ina saa zake zisizobadilika sana: maji yanapwa mwisho kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yanajaa mwisho kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Tofauti kati ya chini na juu ni mita 3 na zaidi, urefu wa dari ya nyumba.

Rudi kwenye siku yenu. Mlifika saa tatu. Maji yalikuwa yanapwa tangu alfajiri, na bahari inapopwa mto unafunguka: kila kilichokuwa kimezuiwa na maji ya usiku kule Salenda kinatoka. Siku mbili baada ya mvua kubwa. Watoto wako waliingia kwenye maji mabaya kuliko yote ambayo Coco ingeweza kuwapa siku ile, na hukuwa na kosa, ndiyo saa ambayo mama yeyote angeichagua, jua halijawa kali na watu bado wachache. Baada ya saa tano maji yanaanza kurudi, lakini mwanzoni yanayorudi ni yaleyale yaliyotoka, hayajafika mbali. Ni kuanzia alasiri ndipo unapoanza kupata maji ya bahari kuu. Unayaona kwa macho: rangi inageuka, chai inakuwa kijani.

Kwa nini basi nisikwambie uwaingize saa saba, maji yakiwa yanajaa? Kwa sababu usafi na usalama havitembei pamoja. Bahari haijai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza inanyanyuka kidogo, ya pili inaongeza, ya tatu na ya nne ndizo zinazobeba nusu ya maji yote, kisha inapoa tena. Kwenye bamvua ya mita 3, saa ya tatu na ya nne kila moja inaleta karibu sentimita 75. Siku ya Idd ndogo hiyo ni kati ya saa saba na saa tisa mchana. Mtoto wa miaka sita aliyesimama yakamfika magotini, ukageuka kumhudumia ndugu yake ukanunua na madafu, ukirudi yako kifuani na wimbi linamnyanyua. Tena wale waliokwenda mbali mchana, maji yakiwa chini, kuokota kombe za pwani na kukaa juu ya miamba, wanazungukwa kwa nyuma. Huku mbele kunaonekana kukavu, nyuma yao bonde limeshajaa. Wengi wanaozidiwa pale hawakwenda kuogelea kabisa, walikwenda kutembea.

Saa tisa kasi inapungua. Kutoka hapo mpaka maji yanaposimama una saa mbili nzuri: maji yametoka nje, hayana haraka, na kina unachokiona ndicho utakachokuwa nacho. Saa kumi na moja, waite. Watalia, watakuambia watoto wa watu bado wako majini. Waite hivyohivyo. Maji yakishasimama yanageuka, na bamvua inapopwa inavuta. Giza linaingia, umati ni mkubwa, vijana wamechangamka, na bahari inaondoka na kila kilicho legelege.

Idd kubwa, mwezi kumi Dhulhija, mwezi uko angani umevuka nusu na bahari iko jirani na maji mafu, yaani siku ambazo maji yanajaa kidogo na kupwa kidogo. Tofauti ya chini na juu ni nusu ya ile ya bamvua au pungufu, na maji yanajaa mchana-mchana. Kwa hiyo saa zinageuka: siku hiyo waogeshe asubuhi kuanzia saa nne mpaka adhuhuri, alasiri uwaache wacheze mpira. Maji mafu ni mapole kwa mtoto, lakini ndiyo yanayochelewa kusafisha ufuko. Kama mvua ilinyesha juma hilo, mimi ningengoja hata siku nne. Ukitaka saa kamili ya siku yoyote, jedwali la kujaa na kupwa la bandari ya Dar es Salaam linapatikana hata kwenye simu. Au muulize mvuvi yeyote wa Msasani. Atakujibu bila kutazama kitu.

Jambo jingine, kwa Idd ndogo: fika mapema hata kama hamuingii. Fika saa tano, maji yakiwa chini kabisa, utembee na watoto kwenye mchanga uliobaki wazi. Utaona miamba iko wapi, mashimo yako wapi, na mifereji. Mifereji ndiyo uikariri. Mahali ambapo mchanga umechimbika kama mtaro unaoelekea baharini, kati ya mwamba na mwamba, ndipo maji yatakapokuwa yanatokea baadaye, na hutapaona tena yakishajaa. Au tuseme utapaona, lakini kwa namna ya kukudanganya: patakuwa patulivu. Mawimbi yanavunjika kulia, yanavunjika kushoto, hapo katikati maji yamelala, rangi imekoza kidogo, povu linaelea kwenda nje. Mama asiyejua anasema "hapa pazuri pa watoto, hapana mawimbi". Huo ni mkondo. Wimbi linalovunjika linaleta maji, na maji yale lazima yapate njia ya kurudi, njia ndiyo hiyo. Chagua mahali pa mchanga mtupu ambapo mawimbi yanavunjika, hata kama ni makubwa kidogo. Wimbi linalovunjika linakurudisha ufukweni.

Mfundishe mkubwa leo, nyumbani: ukivutwa, usipigane. Lala chali, elea, nyanyua mkono mmoja. Mkondo haukuzamishi, unakubeba tu, na ukishapita mawimbi unachoka. Ukipata nguvu ogelea sambamba na ufuko, usiukabili. Watu wanaokufa kwenye mkondo wanakufa kwa uchovu wa kushindana nao.

Wewe hujui kuogelea. Basi usiingie kumfuata mtu, hata akiwa wako. Najua ninaloliomba ni zito. Lakini tumeshaokota wawili mahali palipopotea mmoja. Badala yake chukua dumu tupu la lita kumi, kifuniko kibane, lifunge kamba ndefu ya manila mkononi mwake. Ukilirusha linafika mbali na linambeba mtu mzima. Watu watakushangaa umekuja na dumu kwenye Idd, washangae. Ile mipira ya matairi inayokodishwa ni ya kuchezea, siyo ya kuokolea: mtoto anateleza katikati kama sarafu, na upepo ukiikamata inakwenda. Jaketi okozi linalomtosha mdogo, likifungwa hadi kamba ya kati ya miguu, ndilo lenye maana.

Na mdogo asiwe mbali kuliko urefu wa mkono wako. Siyo "namwona", mkono ufike. Mtu anayezama hapigi kelele. Hawezi, maana mdomo unatoka juu kidogo tu kuvuta hewa kisha unarudi chini. Hapungi mikono, mikono inakandamiza maji pembeni kama anayepanda ngazi. Kichwa kimeelekea nyuma, nywele zimefunika macho, kimya. Kwa mtoto inaweza kuwa sekunde ishirini tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na wengi wa niliowahi kusikia habari zao hapa kwetu walikuwa na ndugu mzima aliyekaa mita kumi kutoka pale, akiongea na simu. Mkienda watu wazima watatu, pangeni zamu kwa jina: sasa hivi anayetazama ni fulani. Kila mtu akitazama, hakuna anayetazama.

Akitolewa majini hapumui, utaona watu wanamning'iniza kichwa chini, wanambinya tumbo, maji yatoke. Wazuie. Kinachotoka tumboni si kilichomzamisha, na kikitoka kinaweza kuingia mapafuni. Mlaze chali mahali pagumu, nyanyua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi tano huku ukiona kifua kinanyanyuka. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa haraka, kishuke theluthi moja, kisha pumzi mbili, tena 30. Usiache mpaka apumue au aje anayejua zaidi. Mwingine apige 114, Zimamoto na Uokoaji. Na aliyezinduka aende hospitali hata akisema ni mzima. Mapafu yaliyoonja maji yanaweza kuharibika baada ya saa kadhaa.

Mengine ni madogo. Kidonda kibichi hakiingii baharini, hasa maji yakiwa machafu na moto hivi. Mchanga mkavu wa juu, wanakolala mbwa, una minyoo inayoingia kwenye nyayo na kuchora mistari inayowasha chini ya ngozi. Wachezee ule unaoguswa na maji kila siku. Konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha, akimgusa, mwage maji ya bahari, siyo ya bomba, toa nyuzi bila kusugua, kisha loweka kwenye maji ya moto anayoyavumilia dakika 20. Mkojo ni hadithi. Kichocho usikiogope baharini, konokono wake anaishi kwenye maji yasiyo ya chumvi. Kiogope kwenye madimbwi na vijito. Wakiharisha wape ORS, ile dawa ya kuchanganya na maji ya kurudisha maji mwilini, tangu choo cha kwanza, na choo kikiwa cheupe kama maji ya mchele usingoje asubuhi.

Mtu atakuambia uende Kawe badala ya Coco. Mto Mlalakua unatokea huko, kwa hiyo hesabu ya mvua ni ileile. Kigamboni upande wa bahari kuu maji ni mazuri zaidi, mawimbi na mikondo ni mibaya zaidi. Kwa asiyejua kuogelea sikupeleki. Mkiwa na nauli ya boti, kisiwa cha Mbudya kutokea Kunduchi ndiko ningewapeleka wanangu, mbali na mdomo wa Msimbazi, na vidole vya miguu unaviona. Jaketi wavae tangu ndani ya boti.

Kuanzia siku nne kabla ya Idd andika kwenye kalenda ya ukutani kila mvua inayonyesha, hata ya usiku. Ikiwa siku tatu za mwisho ni tupu, beba dumu lako. Kama hazikuwa tupu, nendeni hivyohivyo mkala mihogo ikitoka jikoni, watoto wachimbe mchanga wenye unyevu, wavue viatu wasivue nguo. Idd mbarak.